Wachezaji wanne nje kabla ya msimu kuanza

SWALI: Habari Daktari. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Tulifungua wiki tatu zilizopita baada ya likizo ndefu, na tangu siku ya kwanza tunafanya mazoezi mara mbili kwa siku, saa kumi na moja unusu alfajiri na saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Kati ya wachezaji 14, wanne wako nje tayari, na mechi ya kwanza ya ligi ni wiki tano zijazo. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu alipotua juu ya mguu wa mwenzake. Ni mara ya pili mwaka huu. Wa pili, mchezaji wetu mrefu, anaumwa chini ya pia ya goti. Wa tatu analalamikia muundi. Wa nne, wa mwaka wa kwanza, alisimama ghafla akigeuka na mpira, akasikia kitu kikilia "pa" ndani ya goti. Lilivimba jioni ileile, lakini sasa uvimbe unapungua. Kocha mkuu anasema wasichana wamelegea, wakazwe zaidi. Mimi nina shaka. Tunakosea wapi? Na mechi ya kirafiki ya Jumamosi tuicheze?

JIBU: Kocha, nitaanza na uliyemtaja mwisho, kwa kuwa ndiye asiyeweza kungoja.

Goti linalolia kisha likavimba ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu. Damu ndani ya goti la mchezaji ambaye hakuguswa na mtu humfanya mtaalamu yeyote aifikirie kwanza ile kano ya katikati ya goti ambayo wachezaji wenyewe wanaiita ACL. Goti linalovimba polepole hadi kesho yake hunitia wasiwasi mdogo zaidi, lakini lake halikungoja kesho. Wala usifarijike kwa kuwa uvimbe unapungua. Utapungua tu, kano iwe nzima au imekatika. Baada ya wiki mbili tatu atakuwa anatembea vizuri, anapanda matatu bila shida, na kuna mtu atamwambia arudi uwanjani. Hapo ndipo goti linapomponyoka akigeuka, na safari hii linaweza kuchana na gegedu iliyo kati ya mifupa miwili, hasara kubwa kuliko ya kwanza.

Mpeleke wiki hii kwa daktari wa mifupa, au kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea magoti ya wachezaji. Kipimo cha kwanza ni mikono mitupu: mchezaji amelala, goti limekunjwa kidogo, mpimaji anauvuta mfupa wa muundi kuja mbele aone kama kuna kinachouzuia. Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani humo. Kwa hiyo mtu akikwambia "eksirei ni safi, acheze," bado hajalijibu swali lako. Picha ya MRI, inayoonyesha hata kano, ndiyo inayothibitisha, na najua bei yake inaumiza. Ndiyo maana nasema mikono itangulie. Mpimaji mzoefu ataweza kukwambia kama gharama hiyo inahitajika. Hadi apimwe, asikimbie, asiruke, asigeuke ghafla. Ikithibitika kwamba kano imekatika, msimu huu kwake umekwisha. Wanaofanyiwa upasuaji hawashauriwi kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka kabla ya miezi 9, kwa sababu wanaowahi kurudi hukatika tena kwa wingi. Ni habari mbaya, lakini afadhali aisikie kwa daktari kuliko goti limfundishe uwanjani.

Jambo moja zaidi kuhusu goti hili, ili kocha mkuu asije akalitia kwenye kapu la ulegevu. Katika michezo ya kuruka na kukata kona, wanawake hupata jeraha hili mara mbili hadi tatu ya wanaume. Sababu zinazotajwa ni nyingi, ila iliyo mikononi mwa kocha ni namna ya kutua. Waangalie wachezaji wako wanaposhuka na ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu: magoti yakielekea ndani na kukaribiana, miguu ikiwa imenyooka, hapo kuna kazi ya kufanya. Wafundishwe kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na kuelekea vidoleni, makalio yamerudi nyuma. Dakika kumi za hilo kila siku zina faida kuliko zile mbio za kwenda na kurudi mstari kwa mstari ambazo kila timu ya Nairobi inazichukia na kila kocha anazipenda.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mnakosea kwenye kalenda.

Marekani, ambako mpira wa kikapu wa vyuo una pesa na takwimu kuliko kwingineko, walihesabu majeraha ya vyuo vyao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004. Kwa upande wa wanaume, mazoezi ya kabla ya msimu yaliumiza kwa kiwango cha karibu mara tatu ya mazoezi ya katikati ya msimu. Siku hizi kanuni zao zinawapa siku 42 za kujiandaa kabla ya mechi ya kwanza, na siku za mazoezi ndani yake zisizidi 30. Wachezaji wao pia huingia humo wakitoka kwenye mazoezi ya kiangazi yenye mkufunzi wa nguvu. Wenu wametoka nyumbani, wengine dukani kwa mama, wengine shambani, na wengine likizo nzima hawakugusa mpira. Katika wiki tatu mmeshafanya vipindi 36.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa uianze leo. Haihitaji mashine, ni daftari na kalamu tu. Mtafiti Mmarekani Carl Foster ndiye aliyeieneza. Karibu nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila mchezaji, peke yake ili asimwige mwenzake, mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10. Zidisha jibu lake kwa dakika mlizofanya. Tuchukue makisio: alfajiri dakika 90, ugumu 8, hiyo ni 720. Jioni dakika 120, ugumu 7, hiyo ni 840. Siku moja ni 1,560. Kwa mtu aliyetoka likizo bila kufanya lolote, mimi wiki ya kwanza ningempa vipindi vinne vya dakika 75, ugumu 5. Jumla yake ni 1,500, wiki nzima. Yaani mliwapa kwa siku moja kile kilichotosha wiki, mkakirudia mara sita.

Watu wamebishana sana kuhusu fomula za kupandisha mzigo, eti asilimia 10 kwa wiki, eti uwiano huu na ule. Mimi sizifuati kama sheria. Hesabu hii naitumia kuona mruko, na wenu unaonekana hata bila miwani. Tena inanasa mambo ambayo saa ya kocha haiyaoni. Mchezaji aliyetoka likizo Mombasa, usawa wa bahari, akaja Nairobi kwenye karibu mita 1,700, atakupa 9 kwa mazoezi ambayo mwenzake wa Nyahururu, kulikoinuka kuliko hata Nairobi, anayapa 6. Dakika ni zilezile, ila miili haikufanya kazi sawa.

Kwa nini basi balaa limekuja wiki ya pili na ya tatu, na si siku ya kwanza? Moyo na mapafu huzoea haraka. Baada ya wiki mbili mchezaji anajisikia mwepesi, kocha anaona pumzi imerudi, anaongeza. Mfupa uko nyuma sana. Ukipewa kazi mpya, mwili kwanza huchimba sehemu za mfupa wa zamani ndipo ujenge mpya mahali pake. Kuchimba huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Kipo kipindi, karibu na wiki ya tatu na kuendelea, ambapo mchezaji ana pumzi ya katikati ya msimu juu ya mifupa ambayo bado iko kwenye ukarabati. Kano za kuunganisha misuli na mifupa nazo ni wavivu vivyo hivyo. Kocha mkuu anaona ulegevu. Mimi naona ratiba iliyowatangulia.

Ndiyo maana yule wa muundi nataka umpime leo jioni. Mketishe, pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, ukibonyeza kidogo kidogo kutoka juu hadi chini. Akiumwa kwenye eneo refu, sentimita tano na zaidi, na maumivu yanapungua akishapasha moto, huenda ni ile hali ya kawaida ya wanaoanza kukimbia kwa ghafla. Punguza kukimbia na kuruka kwa nusu au zaidi, mwongezee mazoezi ya kigimbi, na atapata nafuu bila kukaa nje kabisa. Lakini akiruka unapogusa pahali pamoja padogo kama sarafu, au akikwambia muundi unauma akiwa amelala usiku, au maumivu yako upande wa mbele wa mfupa badala ya ukingo wa ndani, mwondoe uwanjani siku hiyohiyo na umpeleke kwa daktari. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Na eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hii, kwa hiyo picha safi isimrudishe mazoezini ikiwa kidole bado kinapata palepale panapouma.

Kuna swali lingine anapaswa kuulizwa, na kama wewe ni mwanamume, mwombe patroni wa kike au nahodha amuulize faraghani: hedhi yake inakuja kama kawaida? Imeruka miezi? Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi, na kitu cha kwanza unachokata ni hedhi, kisha mifupa inaanza kudhoofika. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikiwahimiza madaktari wa michezo walitazame jambo hili, na si kwa wanawake tu. Mara nyingi si kwamba msichana anataka kukonda. Ni mfuko. Mkopo wa HELB haujaingia, asubuhi ni chai ya rangi na mandazi mawili, mchana ni kugawana sahani ya chapati madondo kibandani, jioni ni vipindi vya saa mbili. Nimewaona wachezaji wengi wenye mifupa iliyochoka wakitoka kwenye maisha ya namna hiyo, wala hawakuwa na tatizo lolote la kiungo. Kama chuo kina bajeti ya jezi mpya, mimi ningeiomba igeuzwe kuwa mayai, maziwa, ndizi na viazi vitamu baada ya mazoezi. Jezi za mwaka jana zinafulika.

Usingizi nao uko kwenye mfuko huohuo. Ili afike uwanjani saa kumi na moja unusu, mwanafunzi anaamka kabla ya saa kumi na moja, na wengi wamelala saa sita wakimaliza kazi za darasa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti ambao wachezaji 11 wa timu ya kikapu ya chuo hicho waliombwa walenge kukaa kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Mitupo yao huru iliongezeka kwa asilimia 9, na ya pointi tatu kwa zaidi kidogo ya hapo. Ni kundi dogo, halikuwa na kundi la kulinganisha, lakini hiyo ndiyo hoja ninayokushauri uibebe hadi kwa kocha mkuu. Makocha husikiliza habari za mitupo kuliko habari za mifupa. Kipindi cha alfajiri kifuteni. Kikibidi kibaki, kiwe mara mbili kwa wiki, mpira usiwepo, iwe ni mazoezi ya nguvu tu: kuchuchumaa na uzito, kuinua visigino, kuimarisha misuli ya nyuma ya paja na ya kiuno.

Mchezaji mrefu anayeumwa chini ya pia ya goti usimpumzishe kabisa. Hilo huwashangaza wengi. Kano inayomuuma, ile iliyo chini ya pia, ikipumzishwa moja kwa moja huzidi kudhoofika, na akirudi huumia upya kwa kazi ndogo kuliko ya mwanzo. Anachohitaji ni kupunguziwa miruko, si kuondolewa uzito. Aegemee ukuta magoti yamekunjwa, ashikilie sekunde 45, mara tano, na mapumziko ya dakika moja au mbili katikati. Wengi hupata nafuu ya maumivu palepale. Baadaye aendelee na uzito unaopanda polepole. Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa zoezi yanavumilika, ila kesho yake asubuhi yasiwe yamepanda. Yakipanda, jana alizidisha. Jumla ya miruko yake kwa wiki iwe kwenye daftari lako pia.

Kuhusu uwanja na viatu sitasema mengi, kwa kuwa najua huna uwezo wa kuhamishia mazoezi kwenye ukumbi wa Nyayo au Kasarani. Simiti ni simiti. Ila fagieni mchanga kabla ya kuanza, na mvua ikinyesha msidanganyane kwamba pamekauka. Kuhusu viatu vya mtumba, sina ugomvi navyo, wengi hatuna njia nyingine, lakini kiatu kinaweza kung'aa juu na povu la ndani likawa limekufa zamani. Kibonyeze soli kwa kidole gumba kwa upande. Kikiwa kigumu kama ubao, mwachie muuzaji wa Gikomba kiatu chake.

Kupasha moto ni mahali ambapo timu nyingi hapa hudanganya. Mchezaji amekaa kwenye matatu saa nzima kwenye foleni ya Thika Road, magoti yamekunjwa, anashuka, anafunga kamba, anaanza kurusha mpira. Wapeni dakika 20 kabla ya chochote: kukimbia taratibu, kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa utaratibu, kugeuka. Ile programu ya kupasha moto ya FIFA iliyotungwa kwa wanasoka, yenye jina la 11+, ilijaribiwa kwa timu za kikapu za wanaume nchini Italia, matokeo yakachapishwa 2012, na waliofuata programu waliumia kidogo kuliko wenzao. Haina gharama yoyote. Ifanyeni ilivyo, msikate sehemu za kusimama mguu mmoja eti zinachosha.

Mechi ya Jumamosi ichezeni, ila ihesabu kuwa kipindi kigumu cha wiki hii, usiiongeze juu ya vingine. Ijumaa wapumzike. Kwa wachezaji 10 waliobaki, hakuna anayepaswa kuzidisha dakika 20 hadi 25, hata kama mnapigwa pointi 30. Wiki ijayo shusheni mzigo wote hadi karibu nusu ya mliokuwa nao, kisha mpande kwa ngazi wiki tatu, na wiki ya kuelekea mechi ya kwanza mshuke tena kidogo. Wachezaji wenu wenye afya wanaihitaji nafuu hiyo kuliko wanavyokiri, maana wanne wakiwa nje, kazi yao imegawiwa waliobaki.

Nimemwacha wa kifundo mwisho kwa sababu ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kucheza mechi ya kwanza. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni rahisi ya kuamua nani apigwe eksirei. Kama hawezi kupiga hatua nne, au anaumwa unapobonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo, kwa nje au kwa ndani, au mfupa wa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule ulio juu ya upinde wa unyayo upande wa ndani, apigwe picha. Kama hana hata kimoja, kuvunjika ni nadra sana.

Siku za mwanzo msimkande kwa maji moto, na yule shangazi anayejua kuchua asiguse kwanza. Mfungeni bendeji ya kubana, ainue mguu, na aanze kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kutoka duka la dawa ili acheze leo ni njia ya kumziba mdomo mlinzi huku mwizi akiwa ndani. Kwa kuwa ameteguka mara mbili, hatari yake ya tatu iko juu, na kinachoishusha ni mazoezi ya kusimama mguu mmoja, macho wazi kisha yamefumbwa, kisha akidaka mpira, kila siku hadi mwisho wa msimu. Mnunulieni pia braisi, yaani kishikizo cha kifundo, ya kufunga kwa kamba. Utafiti wa 2011 kwa wachezaji wa kikapu wa shule za sekondari Marekani uliona waliovaa waliteguka karibu theluthi moja tu ya wasiovaa.

Akiweza kuinua kisigino cha mguu ule mara 20 au zaidi sawa na mguu mzima, kuruka kwa mguu huo mbele na pembeni bila kusita, na kufanya mazoezi kamili na timu wiki nzima bila kifundo kuvimba usiku, mwandikeni kwenye orodha ya mechi ya kwanza. Aingie kutoka benchi, dakika kumi, braisi imefungwa hadi juu.